Ripoti Tatu Zilizosema Hewa ni Safi

Ijumaa, Julai 1974. Baridi kali.

Jua halijaonekana Nairobi tangu Jumanne. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya majirani hapa Jamhuri, na nilipokuwa nikifunga tai mbele ya kioo mke wangu, Mama Nekesa, aliniambia nivae sweta ndani ya koti. Nilivaa. Haikusaidia kitu. Nimetetemeka siku nzima.

Leo nimeshindwa. Naliandika neno hilo kwanza ili nisianze kulizunguka.

Nimeshindwa kwa maneno yangu mwenyewe, yaliyopigwa chapa vizuri na kutiwa sahihi yangu chini.

Kazi yangu ni kupima sumu katika hewa ya viwandani. Mimi ni fundi wa maabara. Elimu yangu ni ya chuo, si ya chuo kikuu. Mzungu aliyekuwa akiifanya kazi hii aliporudi kwao aliniachia sanduku la mbao lenye pampu ndani yake, kitabu cha maelekezo, na makabati mawili ya chupa. Pampu ile huvuta hewa ipite kwenye karatasi ndogo ya kuchujia, nyeupe, ya mviringo. Vumbi na mvuke vinanaswa pale. Kisha narudi maabara, kule katikati ya mji, nayeyusha karatasi kwenye asidi na kutia dawa moja ya rangi ya kijani. Kama hewa ilikuwa na risasi, ile metali nzito ya kwenye betri, kijani hicho hugeuka chekundu. Kadiri risasi inavyozidi ndivyo wekundu unavyokolea. Kazi yenyewe ni hiyo. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya.

Nilijivunia sana kazi hii. Nilikuwa mwana wa kwanza wa kijiji chetu kule Bungoma kuvaa koti jeupe, na wafanyakazi wa viwandani waliponiita "daktari wa hewa" sikuwahi kuwasahihisha.

Hilo nalo nalikiri.

Kule Waithaka, mbele kidogo ya maduka, kuna banda la mabati ambamo betri kuukuu za magari hupasuliwa, risasi iliyomo ndani huyeyushwa kwenye sufuria kubwa ya chuma, kisha humiminwa iwe vipande kama matofali. Watu wanane hufanya kazi humo. Aliyekuwa akisimama juu ya sufuria, akikoroga na kuengua takataka kwa upawa mrefu, alikuwa Njuguna. Shamba lao liko mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Alizaliwa hapo, baba yake alizaliwa hapo, na alikuwa akija kazini kwa miguu baada ya kukamua ng'ombe. Mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya bonde.

"Daktari wa hewa amefika!" ndivyo alivyonitangaza mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita, na akanipangusia kigoda kwa mkono wake wa shati.

Soketi ya umeme ilikuwa moja tu, karibu na mlango, kando ya meza ya karani. Sanduku langu ni zito na waya wake ni mfupi. Kitabu kilisema mashine iwekwe mahali patulivu pasipo mtikisiko. Niliiweka mezani, karani akaniletea chai, nikakaa hadi saa saba mchana nikisikiliza pampu inavyonguruma. Kule maabara, dawa yangu ilibaki kijani, labda na dalili ndogo tu ya kubadilika. Niliandika kwamba risasi iliyomo hewani haifikii kiwango cha kudhuru. Nikatia sahihi. Nilirudi mara ya pili, kisha mara ya tatu. Meza ile ile, chai ile ile, sentensi ile ile.

Sasa sikiliza, shajara, kwa sababu hili sijamwambia mtu isipokuwa mke wangu.

Mara ya pili niliona.

Niliona moshi wa sufuria ukipanda na kutanda juu ya kichwa cha Njuguna, ukaning'inia pale chini ya mabati. Na wakati huo huo nilihisi upepo wa mlangoni ukinipiga shingoni, mtamu, wenye harufu ya majani mabichi. Niliwaza: hapa ninapopima sipo anapovuta pumzi yule. Wazo hilo lilinijia wazi kabisa. Nikalijibu kwamba kitabu hakisemi hivyo, nikamaliza chai yangu.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilipita Waithaka kwa shughuli nyingine nikaingia kumsalimu. Alinyoosha mkono nao haukunyooka. Kiganja kilining'inia kama glavu tupu. Alicheka akaushika kwa mkono wa pili ili anisalimie.

"Hii mkono imezeeka kabla ya mwenyewe," alisema.

Nilimuuliza kama ana maumivu mengine. Tumbo, alisema, linamkaba siku nne tano bila kwenda choo. Nilimwomba afunue midomo. Kwenye ufizi, chini ya meno ya mbele, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya buluu, kama uliochorwa kwa penseli. Nilikuwa nimesoma habari za mstari huo. Nilikuwa sijauona kwa macho yangu.

Nilirudi mjini kwa basi nikitazama mikono yangu mwenyewe.

Mkuu wangu wa maabara ni mtu mrefu, mtaratibu, aliyepata cheo hicho majuzi tu. Nilimweleza kwamba nadhani tumekuwa tukipima mahali pasipofaa, na nikaomba ruhusa ya kujaribu njia nyingine, ya kupima hewa karibu na pua ya mfanyakazi. Kuna jarida moja hutufikia kwa meli, limechelewa miezi, na humo nilikuwa nimesoma kwamba wenzetu ng'ambo wana pampu ndogo ambazo mfanyakazi huvaa kiunoni. Sisi hatuna. Lakini nilifikiri, kama siwezi kuipeleka pampu kwake, naweza kumpelekea mpira.

"Jaribu," alisema. "Ila usiweke chochote kwenye faili kabla sijaona."

Nilitafuta mpira mrefu mwembamba. Ncha moja niliifunga kwenye ukosi wa Njuguna, nyingine nikaileta hadi kwenye sanduku pale mlangoni, ambako karatasi ilikuwa. Bado alikuwa akienda kazini wakati huo. Alikoroga kwa mkono wa kushoto.

"Leo mimi ndiyo ng'ombe, daktari ndiyo ameshika kamba," aliwaambia wenzake, na banda zima likacheka. Nami nilicheka.

Matokeo yalikuja karibu kijani. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa usiku mmoja nililala nikijua kwamba ripoti zangu zilikuwa sawa na kwamba ugonjwa wa Njuguna ulitoka kwingine.

Kesho yake nikauosha mpira kwa asidi, kwa sababu ya usafi tu, sikuwa natafuta kitu. Maji yaliyotoka humo niliyatia dawa bila sababu ya maana. Yakageuka mekundu.

Risasi ilikuwa imeganda njiani, ndani ya mpira, kabla haijafika kwenye karatasi. Kwa hiyo karatasi ilipaswa kukaa shingoni kwa mtu, na mpira ufuate nyuma. Nilitengeneza kishikio kwa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, nikakitoboa, nikakisugua hadi kikang'aa. Mama Nekesa alinishonea mkanda wa kukifungia kutoka kitambaa cha pazia kilichosalia. Aliniuliza ni cha nini. Nilipomweleza alisema, "Miaka yote hii hamkufikiria shingo ya mtu?" Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu.

Tulijaribu tena. Safari hii nilitumia karatasi mbili kwa siku moja: moja asubuhi, mlangoni kama zamani, saa chache baadaye nyingine kwenye ukosi wa Njuguna, kazi ikiwa ile ile. Kule maabara, nilitia dawa kwenye chupa ya kwanza. Kijani. Nikatia kwenye ya pili, na kabla sijamaliza kutikisa ilikuwa nyekundu kuliko chupa ya mwisho kabisa kwenye safu yangu ya kulinganishia, yenye vipimo vya risasi ninavyovijua. Sikuwa hata na chupa ya kuilinganisha nayo.

Nilifikiri vyombo ni vichafu. Nilivichemsha, nikavisuuza kwa asidi mara tatu, nikarudi Waithaka siku nyingine, na nyingine tena. Ikawa vile vile kila mara.

Nilizipanga chupa zile mbili dirishani nikamwita mkuu wangu. Alizitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Ziondoe dirishani," alisema hatimaye. "Mwanga utaharibu rangi."

Akarudi ofisini kwake.

Baada ya hapo Njuguna hakuweza tena kuinua upawa. Mwenye banda alimwachisha kazi na kueneza maneno kwamba ni mlevi. Njuguna si mlevi. Ni muumini wa kanisa ambalo halimruhusu mtu hata kuonja. Mkewe, Wairimu, ndiye aliyempeleka kwenye ofisi inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi, na siku ya kusikilizwa ikapangwa kuwa leo.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja Kileleshwa, nyumbani kwa mkuu wangu. Sikuwa nimewahi kufika huko. Nyumba ya serikali, yenye bustani kubwa na ua mrefu wa miba. Alikuwa anaukata ua huo mwenyewe kwa mkasi mkubwa, amevaa kofia ya zamani, na kwa dakika moja alionekana kama mtu yeyote wa kijijini kwetu. Mkewe alitutolea viti nje.

Nilimwomba aje Ijumaa aseme kwamba njia mpya ndiyo sahihi. Nilimwambia hilo tu linatosha.

Aliuweka mkasi chini. "Makokha," alisema, "ukisema hii mpya ndiyo ya kweli, ile ya zamani unaiita nini?"

Aliokota kitawi cha miba kilichokatwa, akakitupa kando.

"Na si Waithaka peke yake. Kila karakana uliyopima, uliweka wapi lile sanduku?"

"Karibu na soketi," nilisema.

"Basi umeelewa." Aliuchukua mkasi wake tena. "Nani atasimama aseme hayo? Wewe? Mimi nina miezi mitano kwenye kiti hiki."

Si mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ingenipunguzia mzigo. Aliniuliza habari za Nekesa shuleni na akanifungia mboga za bustani yake nimpelekee mke wangu.

Leo, basi.

Ofisi hiyo iko orofa ya tatu, katika jengo lile lile la maabara yetu, na dirisha lake linatazama barabara iliyojaa magari. Ndani tulikuwa watu watano: mwenyekiti, ambaye ni bwana wa makamo mwenye mafua, mwenye banda, wakili wake, mkuu wangu, ambaye alikuja hata hivyo, na mimi. Njuguna na Wairimu waliambiwa wasubiri nje kwenye benchi. Njuguna alikuwa amevaa koti la harusi yake. Nilijua kwa sababu aliniambia, tulipokutana ngazini, na akaongeza kwamba sasa linampwaya.

Wakili alikuwa kijana, mpole, amejiandaa. Alitoa ripoti zangu tatu akazipanga mezani moja baada ya nyingine.

"Bwana Makokha, hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Na hii? Na hii?"

"Zote ni zangu."

"Ulipoandika kwamba hewa haidhuru, ulikuwa unasema ukweli?"

"Nilikuwa nasema nilichopima."

"Nimeuliza kama ulikuwa unasema ukweli."

Nilisema kwamba niliamini hivyo wakati ule. Nikataka kueleza habari za mlango, na upepo, na mpira, na kifuniko cha kopo. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilileta hata kile kishikio mfukoni, na mkanda wake. Nilikitoa nikakiweka mezani, na hapo ndipo nilipoona jinsi kilivyo: kifuniko cha dawa ya viatu, bado kina kibandiko chekundu ukingoni, kimefungwa kwa kitambaa cha pazia chenye maua.

Mwenye banda alitabasamu. Mwenyekiti alipenga kamasi.

"Chombo hiki kimeidhinishwa?" wakili aliuliza. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia mkuu wangu.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama barabarani.

"Bado," alisema.

Hilo ndilo neno pekee alilolisema katika kikao chote.

Mwenyekiti alifunga faili bila hasira yoyote. Alisema haikuthibitika kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Kwamba ripoti tatu za mtaalamu wa serikali haziwezi kutenguliwa na majaribio. Kwamba banda litaendelea kama kawaida. Na kuhusu njia mpya, maabara inahimizwa kuendelea na utafiti wake. Alinishukuru kwa bidii yangu. Alikuwa anamaanisha, nadhani.

Nilitoka. Wairimu alikuwa amepiga magoti mbele ya mumewe akimfunga vifungo vya koti, maana upepo wa ngazini ulikuwa mkali na vidole vya Njuguna haviwezi kufunga kifungo. Watu walikuwa wakipita wanawatazama.

"Wamesema nini, daktari?" Njuguna aliuliza.

"Wamesema hewa ni safi."

"Nani aliwaambia?"

Ningeweza kusema ni wakili. Ningeweza kusema ni karatasi.

"Mimi," nilisema.

Wairimu alisema kitu kwa Kikuyu, maneno machache, bila kuinua kichwa. Mimi Kikuyu sikisikii vizuri. Njuguna hakunitafsiria.

Niliwafuata. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu kurudi ofisini kukaa meza moja na mkuu wangu kulinishinda. Nilishika kikapu cha Wairimu chenye dawa za hospitali tukapanda basi hadi Dagoretti, kisha tukaenda kwa miguu kwenye matope mekundu mpaka kwao Waithaka. Hakuna aliyenifukuza. Tulipita karibu na banda. Moshi ulikuwa unatoka.

Nyumbani kwao, mdogo wake Njuguna alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Anaitwa Mwangi, mtu mzima, ana mke na mtoto wa kunyonya. Ndipo Njuguna akaniambia, akiwa bado amesimama uani na koti lake la harusi:

"Huyu anaanza Jumatatu. Pale kwangu, kwa sufuria. Mwenye banda mwenyewe amekuja kumwita jana."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Shamba ni robo ekari," alisema, "na mimi sifanyi kazi tena. Atafanya nini? Wewe umepima ile nyumba yote. Mwonyeshe mahali pa kusimama."

Nimeulizwa maswali mengi leo na watu waliosoma. Hakuna lililonikata kama hilo. Kwa sababu nimepima, na ninajua: kwa mtu anayekoroga, hakuna mahali pa kusimama. Upawa una urefu wake na sufuria ina mahali pake. Nilimwambia hivyo. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado ananitazama, nilimgeukia Mwangi nikaanza kumwambia yale madogo ninayoyajua. Asile chochote ndani ya banda. Anawe mikono na uso kabla ya kushika chakula. Asirudi na nguo za kazi nyumbani, asimbebe mtoto kabla hajaoga. Tumbo likianza kumkaba aache siku hiyo hiyo, asingoje mkono ulegee. Na kama anaweza, asiende kabisa.

Mwangi alisikiliza kwa adabu, panga mkononi. Nilipomaliza alisema:

"Daktari, na mimi nilikuwa nikija pale kuleta makaa. Nilikuona. Ulikaa asubuhi yote ukikunywa chai, hata kikombe hukufunika. Nikasema, kama kuna kitu mbaya huyu mtu amesoma si angetoka nje?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaeleza kwa nini haogopi.

Nimejaribu kuandika sentensi ya kufuatia nikaifuta mara mbili.

Nimefika nyumbani kabla ya giza, viatu vimejaa tope. Nekesa alikuwa mezani na daftari lake la hesabu, nikakaa upande wa pili na karatasi zangu. Tumeandika wote wawili, hatuzungumzi, hadi ugali ulipoiva.

Ninaandika barua ya kuziondoa ripoti zangu. Sijui kama mtu anaweza kuondoa ripoti. Sijawahi kusikia imefanyika. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu, na karibu zote zilikuwa habari za pampu, waya mfupi, soketi, kitabu cha mzungu, na ukosefu wa vifaa. Mama Nekesa aliisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Umeieleza mashine vizuri," alisema. "Wewe mwenyewe uko wapi humu?"

"Nikijiweka humo watanifukuza, Mama Nekesa. Na hii nyumba ni ya kazi."

"Najua nyumba ni ya nani." Akarudisha karatasi mezani. "Mimi nimeuliza tu uko wapi."

Kisha akaenda kupakua.

Rasimu ya pili ni ya nusu ukurasa. Inasema kwamba mimi, fulani, niliweka mashine mlangoni, mahali ambapo hakuna mfanyakazi anayesimama. Kwamba mara ya pili niliuona moshi ukienda kwingine na sikuandika hilo. Kwamba ripoti tatu za Waithaka zisitumike tena kumjibu mtu yeyote. Chini yake nimeanza kuorodhesha sehemu nyingine nilizopima kwa namna hiyo hiyo. Nilidhani zitakuwa nne au tano. Nimefungua daftari langu la zamani na orodha imegeuka upande wa pili wa karatasi. Karakana za rangi. Wachapishaji wenye herufi za risasi. Mafundi wa kulehemu. Nimejaribu kukumbuka nyuso za watu waliokuwa wakifanya kazi humo na siwakumbuki. Ninayakumbuka makarani walionipa kiti.

Nilidhani kuandika haya kungenipa nafuu. Watu husema kukiri kunapunguza uzito. Kwangu bado. Hata barua hii ikikubaliwa, mikono ya Njuguna haitainuka. Daktari wa hospitali amemwambia asitegemee sana. Hata njia mpya ikiidhinishwa, itapita kwenye kamati, na kamati itaandikia ng'ambo, na jibu litakuja kwa meli. Nimegundua namna bora ya kupima sumu, na mpaka sasa haijamsaidia mtu hata mmoja. Mtu mmoja tu ameipata faida yake: mimi, ambaye sasa najua nilichofanya.

Mkuu wangu akiisoma kesho anaweza kuipeleka mbele. Anaweza pia kuifungia kwenye droo na kuniuliza habari za mboga. Nimefikiri kupeleka nakala kwa yule mwenyekiti mwenye mafua, na nyingine kwa wakili. Nitapeleka zote tatu. Nimeandika kwa mkono, mwandiko wangu umekuwa mbaya kuelekea mwisho, lakini unasomeka.

Jumamosi ofisi hufungwa saa sita mchana. Nitakuwa mlangoni saa mbili kamili. Mwangi anaingia kazini Jumatatu alfajiri, sufuria ikishawashwa.

Je, barua inaweza kutoka meza moja hadi nyingine, ndani ya jengo moja, kwa siku mbili?